Mshikaji, maziwa hayo yamechemka?

Sisi wa Tabora kwa maziwa hatujambo. Muuzaji anapita na baiskeli, madumu ubavuni, unapiga kikombe, safari inaendelea. Ukiuliza kama yamechemshwa, unaambiwa umedekezwa: "Mbona babu zetu walikunywa hivyo hivyo!"

Sawa. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwahi kusikia habari za bakteria. Lakini bakteria hajali ukoo wa mtu.

Leo nimlete mmoja asiyesemwa sana vijiweni. Aligunduliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1895 na Johne na Frothingham. Humwingia ndama akingali mdogo, kwa maziwa au kinyesi cha ng'ombe mgonjwa, kisha hujificha kwenye utumbo miaka miwili au zaidi. Baadaye ng'ombe anaharisha na kukonda hadi mbavu zinahesabika, na bado anakula vizuri! Dawa ya kumponya hakuna, na bakteria hao hutoka pia kwenye maziwa yake.

Je, binadamu? Mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Glasgow, Dalziel, aliona utumbo wa baadhi ya wagonjwa wake unafanana na wa ng'ombe hao. Mwaka 1932 Crohn na wenzake, New York, waliueleza ugonjwa wa namna hiyo, nao ukabaki na jina lake: tumbo linauma, mtu anaharisha na kukonda, kwa miaka. Ubishi kama chanzo ni bakteria wa ng'ombe haujaisha. Wapo wagonjwa waliokutwa naye, wapo ambao hawana. Kwa hiyo usiende kumtangazia jirani kuwa ng'ombe wake wanaua watu.

Ila maziwa mabichi yana mengine yasiyo na ubishi. Kifua kikuu cha ng'ombe kinaweza kukaa tumboni au kwenye tezi za shingo. Brusela nayo huleta homa ya kwenda na kurudi na maumivu ya viungo, na wengi hudhani ni malaria.

Na wewe mpenzi wa mgando, usijidanganye: kuganda siyo kuchemka. Yaache maziwa yapande juu ya sufuria, yapoe, ndipo uyagandishe. Utamu utakuwa ule ule, na mkaa wa dakika chache ni nafuu kuliko foleni ya hospitali.