Kesi ya Texas Ikifutwa, Rekodi Hubaki

Mwendesha mashtaka ameondoa shtaka, jaji ametia saini, nawe umerudi kwa wanao. Miezi kadhaa baadaye unaomba kupanga nyumba Houston au kazi ya kuendesha lori, na unaambiwa uliwahi kukamatwa. Ni kweli: katika jimbo la Texas, kufutwa kwa shtaka humaliza kesi tu. Picha, alama za vidole na taarifa ya kukamatwa hubaki kwa polisi, mahakamani na katika Idara ya Usalama wa Umma ya jimbo, mpaka mahakama iamuru ziharibiwe.

Aliyeshinda kesi ana haki ya kupata amri hiyo. Ambaye shtaka lake liliondolewa ana masharti zaidi: asiwe ametiwa hatiani, kesi isiwe bado inaendelea, na asiwe amewekwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa shtaka hilo, isipokuwa kwa makosa ya daraja C, ambayo adhabu yake ni faini tu.

Kisha huangaliwa sababu. Shtaka likifutwa kwa kuwa lilijengwa juu ya taarifa za uongo, au kwa kuwa mshtakiwa amemaliza programu maalumu ya kabla ya kesi, hana haja ya kusubiri. Vinginevyo husubiri mpaka muda wa kisheria wa kumshtaki upya uishe. Kwa makosa madogo mengi ni miaka 2. Kwa makubwa ni zaidi, na mauaji hayana ukomo. Aliyekamatwa bila kufunguliwa mashtaka anaweza kuomba baada ya siku 180 kwa daraja C, mwaka 1 kwa daraja A na B, na miaka 3 kwa makosa makubwa.

Wengi hunaswa hapa: unakiri kosa, jaji anaahirisha kukutia hatiani, unamaliza kipindi cha uangalizi, kesi inafutwa. Kwa makosa yaliyo juu ya daraja C, rekodi hiyo haiharibiwi. Unachoweza kuomba, ukitimiza masharti, ni amri ya kuificha isionwe na watu wa kawaida. Kwa uhamiaji hali ni mbaya zaidi: sheria ya shirikisho huhesabu kukiri pamoja na masharti uliyowekewa kuwa ni kutiwa hatiani.

Katika ombi la kuharibu rekodi, taja kila ofisi yenye rekodi zako, kuanzia kituo kilichokukamata hadi jela na karani wa mahakama. Ofisi iliyosahaulika inaweza kubaki na faili lake. Amri ikishatolewa, sheria inakuruhusu kukana kwamba ulikamatwa. Ukiulizwa chini ya kiapo katika kesi ya jinai, unajibu tu kwamba jambo hilo lilifutwa.

Ruhusa hiyo haifiki kwa maofisa wa uhamiaji. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inataka utaje kila ulipokamatwa, hata kama rekodi ilifutwa, na kuficha kunaweza kukugharimu uraia wenyewe. Kwa hiyo, kabla hujapeleka ombi, nenda kwa karani ukachukue nakala zilizothibitishwa za hati ya mashtaka na uamuzi wa kufuta kesi. Amri ikishatekelezwa, huenda karani huyohuyo asiwe na karatasi ya kukupa, na ofisa wa uhamiaji bado ataidai.