Lugha mbili katika kinywa cha mtoto

Wazazi wengi wamewahi kushauriwa na mwalimu au jirani waache kuongea kilugha nyumbani, eti mtoto atachanganyikiwa. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini gharama yake ni kubwa: mjukuu anafika kijijini na hawezi kuzungumza na bibi yake. Ndiyo maana inafaa kuuliza hofu hii imesimama juu ya nini.

Sehemu yake ilijengwa Wales. Mwaka 1923 mtafiti D. J. Saer alichapisha matokeo ya kupima akili za watoto wapatao 1,400. Vijijini, waliojua Kiwelisi na Kiingereza walipata alama za chini kuliko wenzao wa Kiingereza pekee, naye akahitimisha kuwa lugha mbili huvuruga akili. Mijini, hata hivyo, pengo hilo halikuonekana. Ingekuwa lugha ndiyo inayovuruga, ingewavuruga na wa mjini. Saer hakuzilinganisha ipasavyo hali za maisha za familia hizo, na umaskini ukasomwa kama kosa la lugha.

Mwaka 1962 watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert walilichunguza swali hilo upya Montreal, Kanada, kwa watoto wa miaka 10 wenye maisha yanayolingana. Wenye Kifaransa na Kiingereza waliwapita wenye lugha moja katika vipimo vingi. Nao wamekosolewa kwa haki, kwa sababu waliwachukua wale tu waliozimudu lugha zote mbili vizuri. Kama lugha mbili humwongezea mtu akili, wataalamu wanabishana hadi leo. Kwamba zinamharibu mtoto, ushahidi umekataa.

Lakini mzazi hasikii takwimu, anamsikia mwanawe. Mtoto wa miaka mitatu wa Nairobi au Dar es Salaam anasema: "Anko amepark gari nje." Mkubwa anaona fujo. Hebu tuitazame sentensi yenyewe. Kuna a- ya anko, kuna -me- ya jambo lililokwisha kutendeka, ndipo kinakuja kitenzi cha kuazima, na kila kipande kiko mahali pake. Sarufi ya Kiswahili haikuvunjika popote. Mara nyingi mtoto huyo anaongea tu kama wanavyoongea watu wazima wa nyumba hiyo, na akikaa na mtu anayejua lugha moja, hujitahidi kubaki katika lugha hiyo.

Uwezo wa kutenganisha lugha huanza mapema ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulichunguza watoto wachanga wa Vancouver ambao mama zao walizungumza Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakati wa ujauzito. Kwa kufuatilia jinsi walivyonyonya chuchu ya bandia, watafiti waliona kwamba watoto hao wa siku chache tu walizipenda lugha zote mbili, na bado walitambua moja ilipobadilishwa kuwa nyingine.

Linalobaki ni hesabu ya maneno. Mtoto anayesikia Kisukuma kwa bibi na Kiswahili uani huenda akajua ya jikoni kwa lugha moja na ya michezo kwa nyingine. Ukihesabu Kiswahili chake peke yake utamwona yuko nyuma; ni sawa na kupekua mfuko mmoja wa mtu aliyegawa pesa zake katika mifuko miwili. Yakijumlishwa ya lugha zote mbili, kwa kawaida analingana na wenzake. Athari ndogo ipo kweli: hata ukubwani, wenye lugha mbili huchelewa kidogo sana kulikumbuka neno wanalolitafuta. Huko ni kuchelewa kwa sehemu ya sekunde, na hakustahili kumnyima mtoto lugha ya nyumbani kwao.

Hofu ya kweli ielekezwe kwingine. Mtoto aliyefika miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili, katika lugha yoyote anayoisikia, apelekwe hospitali apimwe masikio kwanza. Kumwondolea lugha moja hakutamtibu, na wakati mzazi anasubiri kuona kama kutamsaidia, miezi ya matibabu inapotea.