Maili Zinazolipwa, Saa Zisizolipwa: Wahamiaji Katika Malori ya Masafa Marefu ya Marekani (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilieleza jinsi leseni ya kuendesha malori makubwa inavyopatikana nchini Marekani, na kwa nini Wakenya, Wasomali, Warundi, Watanzania na Wakongo wengi huiona kuwa njia ya kutoka katika kazi za maghalani na za kuwatunza wazee. Sehemu hii inashughulikia jambo linalogusa mfuko wa dereva moja kwa moja, nalo ni namna malipo yake yanavyokokotolewa. Kiwango kinachoandikwa kwenye tangazo la kazi hakimwambii msomaji chochote cha maana mpaka ajue ni saa zipi zinazohesabiwa na ni zipi zinazoachwa nje ya hesabu.

Dereva wa masafa marefu Marekani, yaani yule anayesafirisha shehena kutoka jimbo moja hadi jingine na kulala ndani ya lori kwa wiki kadhaa mfululizo, kwa kawaida halipwi kwa saa wala kwa mwezi, bali kwa maili, na maili moja ni sawa na kilomita 1.6 hivi. Tuchukue mfano wa dereva anayelipwa senti 55 kwa maili. Siku ambayo barabara ni nyeupe na shehena iko tayari, anaweza kuendesha maili 600 katika siku ya kazi ya saa 12 na kupata dola 330, ambazo ni sawa na dola 27.50 kwa saa. Siku ya pili akifika ghalani na kuambiwa asubiri kwa sababu wapakiaji hawatoshi, akakaa hapo saa tano, kisha akaendesha maili 350 tu kabla ya kwisha kwa saa 14 anazoruhusiwa kwa siku ya kazi, atapata dola 192.50, yaani dola 13.75 kwa saa. Kiwango chake kwa maili hakijapunguzwa hata senti moja, wala yeye hakuzembea kwa lolote, lakini thamani ya saa yake imeshuka kwa nusu. Baadhi ya kampuni huongezea ugumu mwingine kwa kulipa maili za kitabu badala ya maili halisi, yaani umbali uliokadiriwa na mwongozo wa kale wa wasafirishaji wa vyombo vya nyumbani, ambao mara nyingi huwa mfupi kuliko njia ambayo lori lenyewe hulazimika kupita.

Kusubiri ghalani ndiko kiini cha mgogoro huu. Desturi ya biashara hiyo humpa mwenye ghala saa mbili za kupakia au kupakua bila kulipa chochote, na baada ya hapo msafirishaji anaweza kudai fidia ya kucheleweshwa, ambayo si lazima ilipwe na hata ikilipwa si lazima imfikie dereva. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, katika ripoti yake ya Januari 2018, alikadiria kwamba ucheleweshaji huo huwapunguzia madereva wa sekta ya mizigo ya trela nzima kati ya dola bilioni 1.1 na bilioni 1.3 kila mwaka, na kwamba kila dakika 15 zinazoongezeka katika wastani wa muda wa kukaa ghalani huongeza kiwango cha ajali kinachotarajiwa kwa asilimia 6.2. Uhusiano huo una sababu iliyo wazi. Sheria humruhusu dereva kuendesha kwa saa zisizozidi 11, ndani ya kipindi cha saa 14 kinachoanza anapoingia kazini, na kipindi hicho kwa kawaida hakisimami ati kwa sababu lori limesimama. Tangu Desemba 2017 malori mengi yamelazimika kuwa na kifaa cha kielektroniki kinachorekodi saa hizo chenyewe, hivi kwamba dereva aliyeshikiliwa ghalani hutoka pale akikimbizana na saa, akijua kwamba maili pekee ndizo zitakazomlipa na kwamba muda wa kuzipata unayeyuka. Msomaji anayefahamu foleni za Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambazo mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, zilirefuka kwa makumi ya kilomita, hatahitaji kuelezwa zaidi maana ya dereva kubeba hasara ya uzembe wa mtu mwingine. Tofauti ni kwamba dereva wa Marekani hana hata utingo wa kumpokea zamu ya kulilinda gari.

Huenda msomaji akauliza inakuwaje nchi yenye sheria ya malipo ya muda wa ziada iruhusu hali hii. Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi, iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1938, ndiyo iliyoweka kima cha chini cha mshahara na kanuni ya kumlipa mfanyakazi mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi kiwango cha wiki, ambacho sasa ni saa 40. Sheria hiyohiyo iliwaacha nje ya malipo ya muda wa ziada madereva wa malori yavukayo mipaka ya majimbo, kwa hoja kwamba saa zao zilikuwa tayari zimewekwa chini ya tume nyingine ya serikali tangu mwaka 1935 kwa ajili ya usalama barabarani. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki katika enzi yake, lakini kudhibiti saa ambazo mtu anaruhusiwa kufanya kazi hakufanani na kumhakikishia malipo ya saa hizo. Dereva aliyeajiriwa analindwa na kima cha chini cha shirikisho, ambacho kimekuwa dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, ila ulinzi huo hupimwa kwa wastani wa wiki nzima, na kwa sababu hiyo saa tano za kusubiri bure humezwa kwa urahisi na maili za siku nyingine.

Kwa miongo kadhaa pengo hilo lilizibwa na chama cha wafanyakazi cha Teamsters. Mwaka 1964, chini ya uongozi wa Jimmy Hoffa, chama hicho kilifanikiwa kupata mkataba mmoja wa kitaifa uliowahusu mamia ya maelfu ya madereva, na udereva wa lori ukawa miongoni mwa kazi za mikono zilizoweza kumjengea mtu nyumba na kumsomeshea watoto. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyolegeza udhibiti wa biashara ya uchukuzi, kampuni mpya zisizo na mikataba ya chama zikaingia kwa wingi, bei za usafirishaji zikashuka, na mshahara ukashuka pamoja nazo. Mwanauchumi Michael Belzer, ambaye mwenyewe aliwahi kuendesha malori, alichapisha mwaka 2000 kitabu kiitwacho Sweatshops on Wheels kinachofuatilia mporomoko huo. Wahamiaji wengi kutoka Afrika Mashariki waliingia katika kazi hii baada ya mabadiliko hayo, na ni kosa la kihistoria kudai, kama inavyodaiwa mara kwa mara, kwamba wao ndio walioushusha mshahara ambao walikuta umekwisha shuka.

Mahakama zimeanza kuziba sehemu ndogo za pengo hilo. Katika safari za madereva wawili, ambapo mmoja huendesha huku mwenzake akiwa kitandani nyuma ya kiti, kampuni zilizoea kuhesabu muda wote wa kitandani kuwa mapumziko, hata kama mtu yumo ndani ya lori linalotembea na hana uhuru wa kushuka. Desemba 2023 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kwanza iliyoko Boston iliamua kwamba muda wa kitandani unaozidi saa nane kwa siku ni muda wa kazi na lazima uingizwe katika hesabu ya kima cha chini. Ni ushindi wa kweli, ingawa hukumu hiyo inazifunga mahakama za mzunguko huo, yaani kanda hiyo ya kimahakama, pekee na inamhusu mwajiriwa.

Neno hilo la mwisho linabeba uzito mkubwa, maana wahamiaji wengi hawaandikishwi kuwa waajiriwa. Huandikishwa kuwa wakandarasi huru, yaani watu wanaohesabiwa kisheria kuwa wanajiendeshea biashara zao wenyewe, na mwisho wa mwaka hupewa fomu ya kodi iitwayo 1099. Mwajiriwa hukatwa asilimia 7.65 ya mshahara kwa ajili ya hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho, lakini mkandarasi huru hubeba asilimia 15.3 yote peke yake. Hana bima ya kuumia kazini isipokuwa ajinunulie, wala hana fidia ya kukosa kazi. Wengi hugundua tofauti hii mwezi wa Aprili wa mwaka wao wa kwanza, wanapoletewa deni la kodi la maelfu ya dola juu ya fedha ambazo zimekwisha tumwa nyumbani kwa karo na matibabu ya wazazi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Januari 2019, katika shauri la dereva Dominic Oliveira dhidi ya kampuni ya New Prime, kwamba hata mkandarasi huru wa uchukuzi halazimishwi na sheria ya usuluhishi ya mwaka 1925 kupeleka madai yake mbele ya msuluhishi wa faragha, na hivyo mlango wa mahakama ukabaki wazi kwake.

Ndani ya mfumo huo wa wakandarasi kuna mpango unaostahili kulaaniwa bila kuzungukazunguka, nao ni ukodishaji wa lori kwa ahadi ya kulimiliki. Dereva hukodishwa lori na kampuni ileile inayompa mizigo, na kila wiki hukatwa kodi ya lori, bima, dizeli na akiba ya matengenezo kabla ya kuona senti yake ya kwanza. Wiki ambayo mizigo ni michache, makato huzidi mapato na dereva hubaki akidaiwa, ilhali anayeamua ni mizigo mingapi apewe ni huyohuyo anayemdai. Mwanasosholojia Steve Viscelli, aliyefanya kazi ya udereva kwa ajili ya utafiti wake na kuchapisha kitabu The Big Rig mwaka 2016, alionyesha jinsi mipango hii inavyouzwa kwa lugha ya kujitegemea. Jopo lililoundwa na serikali kwa agizo la sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 lilipendekeza Januari 2025 kwamba Bunge la nchi hiyo lipige marufuku mipango hiyo. Mhamiaji huvutiwa nayo kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa kumiliki lori ni heshima inayoeleweka kutoka Mombasa hadi Bukavu, na kwa kuwa benki haiwezi kumkopesha mtu asiye na historia ya mikopo.

Wengine hukwepa kampuni kubwa na kujiunga na kampuni ndogo za ndugu na jamaa, zenye malori matano au kumi, ambamo maelekezo hutolewa kwa Kiswahili au Kisomali na dereva hulipwa asilimia ya bei ya mzigo badala ya maili. Mpango huo unaweza kuwa wa haki, mradi bei yenyewe ijulikane. Mizigo mingi ya kampuni ndogo hupitia kwa madalali, na kanuni za shirikisho humpa msafirishaji haki ya kuona kumbukumbu za dalali, pamoja na kiasi alicholipwa na mwenye mzigo, lakini mikataba ya madalali huwa na kifungu kinachomtaka msafirishaji aiache haki hiyo. Dereva naye huwa hatua moja nyuma zaidi, kwani hulitegemea neno la mwenye lori, ambaye huenda ni mjomba wake au mtu wa msikiti mmoja, na si rahisi kumfikisha mahakamani mtu aliyekupokea uwanja wa ndege.

Juu ya yote haya yapo masuala ya hati. Mkaazi wa kudumu hupata leseni ya kawaida ya kibiashara, lakini mwenye kibali cha muda cha kufanya kazi, kama vile anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, hadi mwaka 2025 alikuwa akipewa leseni ya wasio wakaazi. Septemba 2025 Wizara ya Uchukuzi ilitoa kanuni ya dharura ya kuwazuia wengi wa kundi hili, linalokadiriwa kuwa na watu 200,000, wasipate wala kuhuisha leseni hizo, na Novemba mahakama ya rufaa ikaisimamisha kwa muda. Kabla ya hapo, tangu tarehe 25 Juni 2025, dereva anayeshindwa kuzungumza Kiingereza cha kutosha mbele ya mkaguzi huondolewa barabarani papo hapo, kufuatia amri ya Rais Donald Trump ya Aprili mwaka huo. Usalama ni jambo la haki kabisa kudaiwa, ila hatua hizi zina athari nyingine ya moja kwa moja katika malipo: dereva ambaye leseni yake inaning'inia hawezi kubishana na bosi juu ya saa zake.

Kwa upande wa waajiri, maelezo ya miaka mingi yamekuwa kwamba nchi ina upungufu wa madereva. Takwimu za chama chao wenyewe zinaonyesha kwamba katika kampuni kubwa za trela nzima kiwango cha kuacha kazi kimekuwa kikizidi asilimia 90 kwa mwaka katika miaka mingi, na wanauchumi Stephen Burks na Kristen Monaco, walioandika mwaka 2019, hawakuona dalili kwamba soko hili la ajira lina kasoro ya kipekee isiyoweza kutibiwa na mshahara. Kampuni zinazowapoteza watu kwa kasi hiyo huhitaji watu wapya wasiojua hesabu za kazi, na mhamiaji aliyetoka chuo cha udereva jana ndiye mtu huyo.

Muswada wa kufuta msamaha wa mwaka 1938, ule unaowanyima madereva malipo ya muda wa ziada, uliwasilishwa Washington mwaka 2022 bila kupitishwa. Kwa sasa dereva anayo silaha moja ambayo wengi hawaitumii. Sheria ya mwaka 1938 humlinda mwajiriwa bila kujali hati zake za uhamiaji, na humpa miaka miwili ya kudai mshahara uliopunjwa, au mitatu ikiwa mwajiri alivunja sheria kwa makusudi, lakini kampuni inalazimika kutunza kumbukumbu za kifaa cha saa kwa miezi sita tu. Dereva anayo haki ya kupewa nakala ya kumbukumbu zake mwenyewe, na anayeziomba kila baada ya miezi michache, akaziweka pamoja na stakabadhi za malipo na karatasi za ghalani zenye saa ya kuingia na ya kutoka, atakuwa na ushahidi ambao baada ya miezi hiyo sita kampuni haitalazimika kumpa. Sehemu ya tatu itahusu afya ya dereva, usingizi na uhaba wa maegesho ya usiku.