Kufuatilia Maji ya Ardhini Baada ya Petroli Kuvuja

Mwaka 2015, bomba lililokuwa likisafirisha petroli na mafuta mengine kutoka Mombasa hadi Nairobi lilivuja huko Thange, Kaunti ya Makueni, likachafua mto na visima vya wakazi. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea juu ya maji ya ardhini. Lakini benzini iliyomo, kemikali isababishayo saratani, huyeyuka na kusafiri nayo. Kwa sababu hiyo, visima vya uchunguzi huchimbwa juu na chini ya mahali palipovuja, kufuata mkondo wa maji, na sampuli kupimwa mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani lapendekeza benzini isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Kipimo kimoja hakitoshi: maji yapandapo wakati wa mvua huweza kuyafikia mafuta yaliyonata udongoni, na sumu ikarejea katika kisima kilichodhaniwa kuwa safi.