Je, Simu Yaweza Kupima Lishe ya Mlaji wa Mimea?

Mwanadamu aweza kuishi kwa vyakula vya mimea peke yake, mradi apate viini vyote vya lishe ambavyo mwili wake unavihitaji. Mwaka 1944 watu wachache wa Uingereza, akiwemo Donald Watson, waliunda chama cha watu wasiotumia nyama, samaki, mayai, maziwa, wala kitu kingine kitokanacho na mnyama. Leo wafuasi wa mwenendo huo wamo katika nchi nyingi, na wengi wao hutumia programu za simu za kisasa katika kuchagua na kupima chakula chao. Yafaa kuuliza programu hizo zaweza kumsaidia nini mkazi wa Pemba.

Programu hizo ni za namna mbili. Namna ya kwanza hutambua bidhaa. Mtumiaji huielekeza kamera ya simu kwenye mistari myeusi iliyochapwa juu ya pakiti. Mistari hiyo ni namba, na kwa namba hiyo programu hutafuta orodha ya vitu vilivyomo ndani ya bidhaa. Open Food Facts, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 2012, ni mfano mmojawapo. Namna ya pili hupima lishe: mtumiaji huandika alichokula na kiasi chake, na programu hufanya hesabu ya protini, madini na vitamini.

Katika soko la Chake Chake namna ya kwanza haina kazi kubwa. Muhogo, majimbi, ndizi na kunde huuzwa kwa fungu, wala hapana anayehitaji simu imwambie kuwa muhogo ni mmea. Wapemba walio wengi hula samaki. Lakini siku ambazo bahari imechafuka, au fedha hazitoshi, chakula cha nyumbani huweza kuwa muhogo na kisamvu cha nazi. Huo ni mlo wa mimea tupu, ingawa aulaye hakuuchagua kwa jina hilo.

Namna ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi, nayo hutegemea majedwali. Programu haikionji chakula. Hulitafuta jina lake katika jedwali la vipimo vya maabara, kisha huzidisha. Ikiwa jedwali ni la nchi za ng'ambo, huenda kisamvu kisiwemo, na mtumiaji akaandika mboga nyingine badala yake. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa majedwali ya vyakula vya Tanzania. Hesabu iliyojengwa juu ya majedwali ya namna hiyo humfaa zaidi mlaji wa kisamvu.

Faida ya hesabu huonekana wazi katika vitamini B12. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na mimea haina vitamini hiyo kwa kiasi cha kutegemewa. Kwa kuwa ini huweka akiba yake, upungufu huweza kuchukua miaka kabla ya kudhuru damu na neva. Programu humwonya mlaji mapema, naye akatafuta vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo.

Madini ya chuma yana habari nyingine. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida: ndimu husaidia, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia. Juu ya hayo, minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, na malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na chuma cha kutosha kwa hesabu ya simu, na bado akapungukiwa damu.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Pemba kwenyewe. Mwaka 2002 ulianza kisiwani humo utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wa chini ya miaka 3 vidonge vya chuma na asidi ya foliki. Agosti 2003 utoaji wa vidonge hivyo ulisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet yalionyesha kuwa waliopewa chuma walikabiliwa na hatari ya kufa au kulazwa hospitali iliyozidi ile ya wenzao kwa asilimia 12. Hata hivyo, watoto waliopimwa na kuonekana kuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni lilielekeza kuwa, penye malaria, watoto wapewe chuma sambamba na kinga, upimaji na tiba ya malaria.

Malaria imepungua sana Zanzibar tangu miaka hiyo, na utafiti huo ulihusu watoto wadogo, si watu wazima. Lakini funzo lake limebaki: kipimo cha chakula hakiwezi kushika nafasi ya kipimo cha damu. Mlaji wa mimea na aitumie simu kuhesabu alichokula. Namba za chuma zikipungua, au viganja vikiwa vyeupe na mwili mchovu hata pale namba zinaporidhisha, hapana budi aende kituo cha afya akapimwe damu, choo na malaria kabla ya kununua vidonge, na mtoto wake vivyo hivyo.