Malkia Akifa, Kundi Limekwisha: Lishe na Afya ya Chungu wa Kufugwa

Ndugu askari, wako watu duniani wafugao chungu kama wengine wafugavyo njiwa. Ufugaji huo umeenea Ulaya na Asia, na biashara yake imekwisha kufika milangoni petu. Mwezi wa Aprili 2025, katika nchi jirani ya Kenya, vijana wawili raia wa Ubelgiji walikamatwa na chungu malkia wapatao 5,000, wengi wao wakiwa chungu wavunaji wa Afrika Mashariki. Mwezi wa Mei mahakama ilimtoza kila mmoja faini ya shilingi 1,000,000 au kifungo cha miezi 12. Wadudu hao walitiwa katika vichupa vyembamba vyenye pamba, ambamo wangeweza kuishi miezi miwili. Hapana budi basi askari wa doria ajue kinachowalisha na kinachowaua, maana ushahidi ulio hai ukifa mikononi mwetu, nchi imepata hasara mara mbili.

Malkia kijana wa chungu wavunaji hahitaji chakula. Hukaa gizani, hutaga mayai, na kuwalea watoto wake wa kwanza kwa akiba ya mwili wake, hasa misuli ya mabawa ambayo hayatumii tena. Anachotaka ni maji, giza na utulivu.

Wafanyakazi wa kwanza wakitokea, ndipo mfugaji huanza kulisha. Chungu hao hula mbegu za nyasi, uwele na ulezi, ambazo huzitafuna zikawa kama uji mzito. Pamoja na hizo wapewe kipande kidogo cha panzi au nzi, ili mabuu yapate kukua. Mdudu huyo asiwe ameuawa kwa dawa, kwani sumu hiyo huweza kuangamiza kundi zima.

Maradhi mengi huletwa na mkono wa mfugaji mwenyewe. Mbegu zikilowa huota ukungu, ziwekwe pakavu. Mabaki ya nyama yakiachwa huoza na kuvuta utitiri, yaondolewe mapema. Pamba ikichafuka, kichupa safi chenye maji kiunganishwe na cha zamani. Kipya kifunikwe, cha zamani kiachwe kwenye mwanga. Chungu watahama wenyewe. Wakila mayai yao, yawezekana wana njaa au wamesumbuliwa. Wakifa wengi kwa pamoja, chunguza sumu, joto na ukosefu wa maji.

Maiti wachache wakirundikwa pembeni, usitishike. Mwaka 1958 mtaalamu wa Marekani, Edward Wilson, na wenzake walionyesha kwamba chungu humtambua maiti kwa harufu ya asidi, wakamtoa nje.

Lakini malkia hana naibu. Malkia mmoja wa chungu weusi wa Ulaya aliishi kifunguoni zaidi ya miaka 28. Akifa wa namna hiyo, wafanyakazi huisha mmoja mmoja, na hakuna wa kuwarithi. Kila malkia aliyeibwa ni kundi zima lililonyimwa ardhi yake.

Kwa hiyo ukivikamata vichupa hivyo, usivitikise, usivimwage, wala usiviache juani ndani ya gari. Viweke kivulini, vifunike, hesabu na kuandika idadi yake, kisha waite maofisa wa wanyamapori bila kukawia.