Kifua kikuu: mikrobe yenye kumkataza sentineli kufa

Wandugu wachimbaji, mtu akikohoa juma mbili na zaidi, nyumbani wanasema: ni vumbi tu. Pengine ni vumbi kweli. Pengine ni mikrobe ya kifua kikuu, ile Robert Koch aliitangaza kule Berlin tarehe 24 Machi 1882.

Ndani ya mapafu muko seli za ulinzi, sawa vile sentineli kwenye mlango. Kitu kibaya kikiingia na pumzi, zinakimeza na kukimaliza. Na sentineli akiona adui aliyemezwa anamshinda, mwili umempa amri ya kufa kwa mpango: anajigawa vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, wenzake wanavimeza pamoja na mikrobe, njo inakufa humo. Kifo cha namna hiyo kina faida.

Lakini mikrobe hii iko na mayele. Ikishamezwa haikimbii. Inazuia ile amri ya kufa, inakaa ndani ya sentineli sawa mpangaji asiyelipa nyumba, inazaa polepole. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliiondolea jeni moja, jina lake nuoG: seli zilizoingiliwa zikaanza tena kujiua, na panya wa majaribio wakaishi siku nyingi zaidi. Pasipo kuizuia, mikrobe zinajaa, sentineli anapasuka vibaya, zinatawanyika, na kikohozi kinazipeleka kwa mke na watoto wanaolala chumba kimoja.

Sasa ongeza vumbi la mgodi. Vumbi la jiwe lenye silika linamezwa na sentineli wale wale, lakini hawawezi kulimaliza; linawaumiza kwa ndani, wengine wanakufa, wanaobaki ni wazaifu. Njo maana mchimbaji mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu upesi kuliko mtu wa sokoni.

Dawa ziko, na zinatolewa bure: aina nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi ine. Wengi wanaziacha katikati kwa sababu nguvu imerudia. Hapo kuna hatari kubwa, maana mikrobe zilizobaki ni zile zenye kulala, na dawa inaziua polepole sana.

Hata mzee aliyeacha mgodi zamani, silika ingali katika mapafu yake. Akianza kukohoa, naye apeleke makohozi yapimwe.